Sentimita Nne na Nusu

Walikuwa wakitafuta mawe ya nyongo,
wakanikuta na kingine.
Daktari Kyando aligeuza kioo kunielekea:
ukungu mweusi, na ndani ya ukungu
kivuli cha mviringo, kimetulia
kama mtu aliyelala kwenye shamba la mwenzake.
"Sentimita nne na nusu," akasema. "Si saratani."
Nikasikia neno la mwisho tu.
Ndivyo masikio yalivyo: "si" ni herufi mbili,
saratani ina ukoo mzima.

Nimechambua viazi Uyole miaka kumi na moja.
Nne na nusu naijua kwa kiganja, bila rula:
si cha chipsi, si cha kutupa,
ni saizi ya mbegu.
Nikamuuliza, na hiki nacho kitachipua?

Hakucheka. Alitoa karatasi za mwongozo,
pembe zimekunjamana, moja ina duara la chai,
akanisomea polepole kama barua iliyotoka kwetu Tukuyu:
kilichofumwa kwa mishipa ya damu, kiache kilivyo,
usikichome sindano, usikifuatefuate;
chenye kovu la nyota katikati, kiache nacho;
ila hiki chako, picha ya sumaku imekitaja jina,
ni adenoma, hunenepa kwa homoni.
Chini ya tano: acha vidonge, punguza mwili,
rudi baada ya miezi sita.
Kikivuka tano, au kikivuja damu, tutakaa na wapasuaji.

"Na kingekuwa cha mume wangu?"
"Mwanamume tunakitoa, hata kikiwa punje ya njegere."
Hapo ndipo nilipocheka.
Kumbe kuna kisu kimoja duniani
kinachoanza na wao.

Kicheko kiliishia kwenye ngazi.
Acha vidonge.
Vyangu vilikaa kwenye kopo la majani ya chai,
chini ya mbegu za maboga,
miaka saba, tangu Tumpale aache kunyonya,
na kila tukivuna, Ambakisye
hutazama tumbo langu kabla ya magunia.

Jirani yangu Sekela alishatoa hukumu: kimbia Dar, wakakikate.
Mama mkwe akaleta mizizi kwenye chupa ya soda.
Nikaiweka dirishani. Ini lina kazi ya kutosha.

Usiku wa Juni, baridi inauma hadi kwenye jino,
nikasema yote, jiko la mkaa likiwa katikati yetu.
Maini ya mtu, tunavyosema, hukatwa kwa maneno.
Langu daktari alikataa kuligusa;
nikayakata ya mwenzangu kwa sentensi moja.
Hakupiga meza. Alitoka
akaenda kufunga banda la ng'ombe
ambalo nilishalifunga.

Siku kumi na tatu alizungumza na ng'ombe kuliko na mimi.
Ya kumi na nne akauliza, mgongo bado kanipa,
"Tukikiacha, hakipasuki?"

Tuki.
Silabi hizo mbili nilizisikia
kuliko nilivyoisikia "si" ya daktari.

Kliniki wakaniwekea kitanzi cha shaba.
Nikaacha kupanda bajaji, nikaenda sokoni kwa miguu,
nikaacha soda, nikarudia soda, nikaacha tena.
Mwili ulipungua kilo nne, ukarudisha moja.

Sasa ni mwisho wa Novemba, mvua ya kwanza imeshanyesha.
Dawa ya ubaridi inapakwa tumboni.
Kwenye kioo, msalaba mdogo upande huu,
mwingine kule, na uzi wa vitone kati yake.
Ambakisye amesimama, ameshika viatu vyangu
vyenye tope la mbegu tuliyofukia asubuhi.
"Ngapi?" anauliza,
kwa sauti ya sokoni, ya mtu
aliyekuja akitumaini kupunguziwa.